Askari wa Kike na Upasuaji wa Matundu Madogo

Askari hufundishwa tangu siku za ukuruti kutotaja hofu yake. Huzoezwa kusimama wima, kuitika amri na kusonga mbele, na kama moyo unamdunda, hilo ni lake mwenyewe. Mafunzo hayo yana manufaa makubwa katika uwanja wa vita, wala sisi hatuyabezi. Lakini pako mahali ambapo mafunzo hayo humgeukia mwenyewe na kumdhuru, napo ni juu ya kitanda cha hospitali, usiku wa kuamkia upasuaji.

Twayasema hayo kwa kuwa mara kwa mara hufika ofisini kwetu askari wa kike, wa jeshi na wa polisi, na pengine waume zao, wakitaka kujua habari za upasuaji wa viungo vya uzazi unaofanywa kwa njia ya laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo. Daktari amekwisha kuwaeleza, tarehe wamekwisha kupewa, hata hivyo hawana raha. Mmoja wao, sajini mwenye miaka mingi ya utumishi, alitueleza kwamba amewahi kukaa handakini majuma mazima na usingizi ukamjia vizuri tu, lakini siku tatu kabla ya kuondolewa uvimbe katika ovari yake hakupata hata lepe la usingizi. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa kisu. Kilikuwa ni kutojua atakalofanyiwa akiwa amelala, na kukosa mtu wa kumweleza jambo hilo kambini bila ya kuchekwa.

Basi na tuanze kwa kueleza kazi yenyewe ilivyo, maana askari akiisha kuonyeshwa ramani ya mahali aendako hutulia nusu ya wasiwasi wake.

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Daktari hupasua kijitundu kwenye kitovu au karibu yake, kisha hupuliza tumboni hewa ya kaboni dayoksaidi polepole mpaka ukuta wa tumbo uinuke mfano wa hema juu ya mlingoti, ili viungo vya ndani vionekane na vyombo vipate nafasi ya kufanyia kazi. Hewa hiyo imechaguliwa kwa sababu haishiki moto, na kwa sababu huyeyuka upesi katika damu na kutoka nje kwa pumzi. Halafu huingizwa chombo chembamba chenye taa na kamera, na yaliyomo tumboni huonekana kwenye kioo kama cha televisheni. Matundu mengine mawili au matatu, yenye upana wa milimita 5 hadi 12 hivi, hupitisha makasi na koleo ndogo. Kitanda huinamishwa upande wa kichwa ili matumbo yasogee juu na kuacha nyonga wazi. Kwa njia hiyo madaktari huondoa uvimbe wa ovari, huokoa maisha ya mama ambaye mimba yake imetunga nje ya kizazi, huchunguza mirija iliyoziba, hutibu endometriosisi, ule ugonjwa ambao utando unaofanana na wa ndani ya kizazi huota mahali pengine na kuleta maumivu makali, na hata huweza kuondoa kizazi chenyewe.

Wako wanaodhani kwamba huu ni mchezo mpya unaojaribiwa juu ya miili ya watu. Sivyo. Mwaka 1901 Mjerumani Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa kwa njia hii, na mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Sweden akaeleza namna alivyoifanya kwa binadamu. Katika miaka ya 1940 Raoul Palmer wa Paris aliiingiza katika matibabu ya akina mama. Daktari Patrick Steptoe, aliyefanya kazi mjini Oldham, Uingereza, aliiandikia kitabu mwaka 1967, na kwa njia hiyo hiyo ndipo lilipopatikana yai la mama aliyemzaa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilianzia nje ya tumbo. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa akina mama mjini Kiel, Ujerumani, aliondoa kidole tumbo kwa matundu madogo, na wapasuaji wengi wa siku zile wakamkejeli. Leo wapasuaji wa fani nyingi hufuata njia ambayo madaktari wa akina mama ndio walioisafisha. Hapa Uganda upasuaji huu hufanywa, pamoja na mahali pengine, katika hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga ya Mulago, Kampala, iliyofunguliwa mwaka 2018.

Hofu ya kwanza ya watu wengi ni kutoamka. Hatutasema kwamba hakuna hatari, kwa kuwa askari hapendi kudanganywa. Chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, kikizungumzia laparoskopi ya uchunguzi, kimeweka madhara makubwa, kama vile kutobolewa utumbo, kibofu au mshipa mkubwa wa damu, kuwa karibu wanawake 2 katika kila 1,000. Na vifo kuwa kati ya 3 na 8 katika kila 100,000. Kazi ikiwa kubwa zaidi ya uchunguzi, hatari nayo huongezeka, na ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari wake hesabu inayohusu upasuaji wake yeye. Na yafaa ijulikane kwamba mtu hatiwi usingizi kisha akaachwa. Mtaalamu wa nusukaputi hukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho, akitazama pumzi, mapigo ya moyo na presha ya damu, na hiyo ndiyo kazi yake peke yake kwa muda wote huo.

Mtaalamu huyo ndiye mtu ambaye hafai kufichwa neno. Kama askari anavuta sigara, aseme. Kama anakunywa waragi, aseme, tena ataje kiasi cha kweli si kiasi cha kumpendeza mkubwa. Pumu, jino linalolegea, dawa za miti shamba, vidonge vyovyote alivyomeza majuma yaliyopita, upasuaji wa zamani uliomletea taabu, hayo yote ayatoe. Chakula hakiliwi kwa muda wa saa 6 kabla ya nusukaputi, na maji matupu huruhusiwa aghalabu mpaka saa 2 kabla, isipokuwa hospitali imeamuru vingine. Yuko askari atakayejiona shujaa kwa kunywa uji wake alfajiri kwa siri. Huyo hajui kwamba mtu aliyelala nusukaputi akitapika, matapishi huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo ajali inapozaliwa.

Hofu ya pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi: kuingia akiwa mwanamke kamili na kuamka hana kizazi. Dawa ya hofu hii ni fomu ya ridhaa. Watu wengi huitia saini kama wanavyotia saini ya kupokea sare stoo, bila kusoma. Karatasi hiyo ndiyo mpaka ambao daktari hutakiwa kuuheshimu, isipokuwa pale maisha yenyewe yanapokuwa hatarini. Kabla ya kushika kalamu, mgonjwa aulize: Ni nini hasa kitakachoondolewa? Mkikuta ovari imeharibika, mtaitoa au mtaiacha? Ni jambo gani litakalowafanya mfungue tumbo kwa mkato mkubwa? Maana laparoskopi yoyote yaweza kugeuzwa kuwa upasuaji wa kawaida, damu ikizidi au viungo vikiwa vimeshikamana, na mama aliyekwisha kuelezwa hilo hashtuki sana akiamka na mshono mrefu. Kama hataki jambo fulani, aliandikishe. Kama lugha ya daktari ni ngumu, aombe ielezwe upya kwa lugha aijuayo. Hakuna utovu wa nidhamu katika kuuliza, hata kama daktari ana cheo.

Sajini yule tuliyemtaja aliyaandika maswali yake katika daftari dogo, kama vile anavyoandika maagizo kabla ya doria. Alimtafuta koplo mmoja wa polisi aliyewahi kupasuliwa namna hiyo hiyo, wakakaa jioni moja chini ya mwembe, akaonyeshwa makovu, akashangaa kuona yalivyo madogo. Alipanga nani atawapeleka watoto shule na nani atateka maji. Aliomba mapema kwamba muuguzi wa kike awepo chumbani wakati wa kutayarishwa, kwa kuwa aibu ya kuwa uchi mbele ya wanaume ilimkera kuliko alivyotaka kukiri, na ombi hilo lilikubaliwa bila maneno. Usiku ule wa mwisho alipumua polepole, akihesabu, kama wafanyavyo walenga shabaha kabla ya kuvuta kifyatulio. Alituambia kuwa hofu haikuondoka, ila ilipungua ukubwa hata akaweza kulala kando yake.

Sasa tuje kwenye kuamka. Koo huwasha, kwa ajili ya mpira uliopitishwa wa kupumulia. Kichefuchefu ni cha kawaida, na kutetemeka kwa baridi pia. Tumbo huwa limejaa na kuuma. Damu kidogo yaweza kutoka ukeni kwa siku kadhaa. Lakini lile linalowatisha watu wasioambiwa ni maumivu ya bega. Mtu amepasuliwa tumbo, naye bega lamchoma hata adhani ni moyo! Sababu yake ni hewa iliyobaki chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hutoka shingoni, jirani na mishipa ya bega, basi ubongo hupokea taarifa na kukosea mahali ilipotumwa. Maumivu hayo hupungua kwa kawaida katika siku mbili au tatu, hewa inaponyonywa na mwili. Dawa za maumivu zimezwe kwa saa zake bila kungoja mpaka uchungu uwe mkali, na mgonjwa ainuke atembee kidogo siku ile ile akiruhusiwa. Kutembea huko husaidia matumbo kuamka, na huzuia damu kuganda miguuni. Akitaka kukohoa au kucheka, akumbatie mto juu ya tumbo. Choo kikiwa kigumu, na mara nyingi huwa, maji mengi, papai na mboga humfaa kuliko kujikamua.

Wengi hutoka hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake. Na hapo ndipo penye taabu tuliyokusudia hasa kuieleza, maana kurudi nyumbani upesi kumewapotosha wagonjwa na wakuu wao pia.

Mkato mrefu wa zamani ulikuwa na heshima yake. Kila aliyeuona alimwachia mgonjwa kiti. Matundu matatu yaliyofunikwa kwa plasta ndogo hayamtishi mtu, na baada ya siku kumi hata mwenyewe huyasahau. Lakini ndani, kazi iliyofanywa ni ile ile. Ovari imekatwa na kushonwa, au kizazi kimeondolewa na mahali pake pana mshono mbichi. Ngozi hupona mbele ya nyama, na nyama hupona mbele ya kiungo. Kwa laparoskopi ya uchunguzi peke yake, mtu mwenye kazi nyepesi aweza kurejea katika muda wa juma moja hivi. Ikiwa kuna kilichotibiwa ndani, kama uvimbe wa ovari, yahitajika majuma mawili au matatu. Kizazi kikiwa kimeondolewa, huwa ni majuma manne hadi sita, na kazi nzito huchelewa zaidi. Hizo ni hesabu za watu wa maofisini na madukani. Askari na ajipime kwa kazi yake.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Mkanda wa sare hukaa karibu kabisa na kitovu, mahali pale pale penye tundu kubwa, na bakuli yake hukandamiza kila askari anapoinama. Bunduki yenye magazini iliyojaa hufika kilo nne na zaidi. Jerikani ya lita 20, ambayo mama wa kambini huibeba asubuhi na jioni bila kuihesabu kuwa ni kazi, ni kilo 20 za maji. Kupiga pushapu, kutambaa chini ya seng'enge, kuruka kutoka nyuma ya lori, kusimama gwarideni saa tatu juani: yote hayo hukaza misuli ya tumbo. Tundu la milimita 10 au zaidi, likikazwa kabla ya wakati wake, laweza kutoa ngiri, na ngiri itamrudisha askari mezani kwa daktari. Ukakamavu wa mwili ni jambo jema, nao humsaidia mtu kuvumilia upasuaji, lakini haumpi ruhusa ya kufupisha majuma ya kupona.

Kwa sababu hiyo twasema na wakuu wa vikosi na wa vituo. Cheti cha daktari cha kumpumzisha askari si ombi la hisani. Kikiandikwa majuma matatu ya kazi nyepesi, basi ni majuma matatu, na kazi nyepesi maana yake ni ofisini, simuni, kwenye daftari la matukio, si lindo la usiku kwa kisingizio kwamba mlinzi husimama tu. Tumesikia habari za msimamizi mmoja aliyemtazama askari wake akitembea vizuri akamwamuru aingie katika mbio za asubuhi siku ya tisa. Askari akaitika, maana ndivyo alivyofundishwa, na usiku huo damu ikaanza kumtoka upya. Alipona, lakini kikosi kilimkosa kwa muda mrefu kuliko kama kingalimwacha apumzike.

Iko kanuni moja ambayo ni rahisi kuikumbuka hata kwa asiyejua utabibu: baada ya laparoskopi, kila siku yapasa iwe na nafuu kuliko jana. Siku ya pili au ya tatu ikiwa mbaya kuliko ya kwanza, maumivu yakazidi badala ya kupungua, tumbo likavimba na kukaza, mtu akatapika au akakataa chakula, hapana cha kungoja kukuche. Pengine utumbo umejeruhiwa na haukuonekana wakati wa upasuaji, na saa zina thamani. Vivyo hivyo damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, mkojo kuzuilika au kuchoma, kidonda kuwa chekundu na kutoa usaha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya muundi, au pumzi ikikatika ghafla, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda.

Na homa. Hapa twaomba wasomaji wetu wasikilize sana, hasa matabibu wa kambini. Katika nchi yetu homa ikija jina lake la kwanza ni malaria, na vidonge humezwa kabla hata kipimo hakijatoka. Mtu aliyepasuliwa juzi akipata homa apimwe malaria, ndiyo, lakini hata kipimo kikionyesha malaria, arudishwe hospitali alikopasuliwa atazamwe na tumbo. Vidonge vya malaria havitibu usaha ulio tumboni, navyo vyaweza kumlaza nyumbani siku mbili ambazo hakuwa nazo.

Shangazi na mama wakwe nao wana nafasi yao katika jambo hili, na nia yao ni njema. Lakini desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto haifai kwa tumbo lililotobolewa, wala majivu na majani ya kusaga hayafai juu ya plasta. Kidonda hutakiwa kuwa safi na kikavu tu. Watakaotaka kusaidia, wabebe ile jerikani. Wala mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa bodaboda ikiwa iko gari, maana barabara zetu zinajulikana.

Waume, ambao wengi ni askari vilevile na huja likizo kwa siku zilizohesabiwa, yawapasa kujua kwamba kukutana kimwili hungoja. Baada ya upasuaji mdogo, ni mpaka damu ikome na mama ajisikie tayari. Baada ya kuondolewa kizazi, ni majuma sita angalau, tena baada ya daktari kutazama mshono. Mama anaweza kulia bila sababu iliyo wazi katika majuma hayo. Nusukaputi, uchovu, na maneno ya majirani juu ya uzazi wake humlemea. Yafaa pia ifahamike kwamba aliyeondolewa ovari moja, na ya pili ikawa nzima, bado aweza kupata mimba. Twajua nyumba ambamo jambo hilo lingalielezwa mapema, maneno mengi makali yasingalitamkwa.

La mwisho lahusu maisha yetu ya kuhamahama. Kilichoondolewa tumboni mara nyingi hupelekwa maabara kupimwa, na majibu hutoka baada ya siku kadhaa au majuma, wakati ambapo askari huenda amekwisha kupelekwa kituo kingine. Asiondoke mjini kabla ya kujua ni nani atakayeyapokea majibu hayo na kwa simu ipi. Na aombe nakala ya ripoti ya upasuaji, inayoonyesha ni kiungo gani kilichoguswa, ni kipi kilichotolewa na ni kipi kilichobaki. Aitie katika mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake cha kazi, kwa kuwa daktari atakayempokea mwaka ujao, Karamoja au Kasese, hatakuwa na njia nyingine ya kuyajua hayo.